Fimbo ya Babu Yako Ilikuwa Muleba

Twaha, ndugu yangu,

Imepatikana. Nimetafuta namna nzuri ya kuanza nikashindwa, basi lijue hilo kwanza. Fimbo ya pool aliyoitengeneza babu yako imepatikana, hapahapa Muleba, na wewe haupo.

Tangu tulipokuzika Kahororo sikutaka kugusa fimbo. Karakana yangu ilirudi kwenye vitanda na milango. Watu wa baa walipoleta fimbo zilizopinda niliwaambia fundi wake amefariki. Ningefanyaje? Kila nikinusa gundi nilikuona umekaa kwenye stuli na mguu wako mmoja, umefumba jicho, unakagua fimbo kama mtu anayelenga bunduki. Sukari ilichukua mguu kwanza. Tukadhani imeridhika.

Sasa sikiliza. Mama Jovina, yule mjane mwenye baa karibu na stendi, alikuja na fimbo ndani ya gunia. "Fundi, hii aliiacha marehemu mume wangu. Ipige msasa, uipake vanishi ing'ae, niiuze."

Niliipokea bila kuwaza. Halafu nikahisi uzito wake, umekaa nyuma, kama ulivyozoea kusema fimbo za zamani zinavyokaa. Nikaipeleka dirishani. Zile ncha nne nyeusi za mshikio hazikuwa karatasi ya kubandika. Ni mpingo uliochongwa na kuingizwa kwenye mti mweupe, na ncha moja ni fupi kidogo. Mashine haikosei hivyo. Nikafungua kiungo cha shaba katikati: hesi pana za kukazia, zimekatwa kwa mkono. Nikang'oa raba ya kitako, na chini yake, imechomwa kwa chuma cha moto, nikaona punje ya kahawa.

Alama ya babu yako, Mzee Masudi. Ileile iliyo kwenye kile kitako kilichovunjika, ambacho bibi yako alitwangia vitunguu saumu hadi akakuachia wewe. Kwa kipande hicho kimoja tulizunguka baa zote kuanzia Bukoba, wewe na soda yako, walevi wakiuliza shehe kapotea njia gani. Na nyumbani walikucheka. Baba yako mdogo Idi alisema Masudi alikuwa fundi wa milango tu, hayo ya fimbo ni ndoto zako. Ulikufa wakikuona hivyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama Jovina akaniuliza, "Kwani ina thamani?"

Twaha, ningeweza kusema haina. Angeniachia kwa bei ya kuni na leo ingekuwa ukutani kwenu. Lakini nilikusikia: "Mwenye mali asiyeijua mali yake ni yatima. Hatuli mali ya yatima." Uliniambia hayo kule Ijumbi, tukinywa kahawa kwa mama yangu, siku nilipotaka tumdanganye yule mzee mwenye fimbo ya pembe. Basi nikamweleza yote. Nani ameitengeneza, kwa nini hazipatikani, kwamba rangi yake ya kwanza bado ipo na msasa ungeiua. Akasema kwa heshima ya Kihaya: "Waitu, fundi, ungeweza kunificha."

Nikamwomba anisubiri nitafute fedha ya kuinunua. Nilitaja mbao zangu za mvule, nikataja hata ng'ombe. Alisubiri, sitamsingizia. Lakini binti yake alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, na mtu wa Mwanza akafika na fedha mkononi. Mama Jovina alikuja kunieleza huku analia. Ningemlaumu kwa lipi?

Nilimwomba jambo moja tu: kabla haijaondoka, mwanao Zuhura aione. Mama Jovina akaibeba mwenyewe mpaka Kahororo, ameifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Mkeo Mwajuma alitandika mkeka. Zuhura akaleta kile kitako cha bibi, akaviweka pamoja, punje na punje. Akaiunga fimbo, akaiviringisha sakafuni, ikaenda bila kuruka wala kuyumba. Miaka yote hiyo! Baba mdogo Idi alikuwa mlangoni. Akavua kofia. "Kumbe Twaha hakuwa anaota," akasema. Mwajuma akatoka kwenda uani. Tulimsikia akilia.

Kisha Zuhura akaifunga tena kwenye khanga, yeye mwenyewe, akamrudishia Mama Jovina kwa mikono miwili.

Imekwenda. Nilimwambia yule mnunuzi asiipige msasa kamwe. Alikuwa anaangalia simu yake. Labda sasa hivi inang'aa kwenye kabati la mtu asiyejua hata jina Masudi. Usiku huwa sijali sana. Asubuhi, nikifungua karakana, ndipo naona ulivyoniachia kazi nzito, na nakasirika. Ungengoja kidogo tu. Msimu mmoja tu wa mvua, Twaha.

Jana nilipita kaburini kwako. Sisi huwa tunawasha mshumaa. Kwenu sikujua nifanye nini, nikang'oa magugu. Idi alinikuta, naye akainama tukang'oa pamoja.

Nakuahidi hili: nimeanza tena kupokea fimbo za watu. Babu yako hakutengeneza moja pekee, mkono ule ulikuwa umezoea. Nitaendelea kuzitafuta, na kila mahali nitakapoikuta nyingine nitamtaja Masudi, kisha nitakutaja wewe uliyemwamini peke yako.

Kwaheri, ndugu yangu. Mungu wako na wangu akupunguzie kiza cha huko. Huku kwetu bado kipo.

Respicius