Maji Yasiyokula Sabuni

Tarehe 6 Februari

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ukiondoa goti la kushoto ambalo siku hizi lina maoni yake kwa kila ngazi. Wewe je? Unakula? Usiniandikie "ndiyo" tu, niambie unakula nini.

Barua ikikufikia imelowa, lawama ni za barafu. Mwaka wa pili huu nakutumia maneno na chupa za maji kwenye kasha moja, na kila mwezi kondakta wa basi ananiuliza kama nasafirisha samaki. Simu nilishakuambia siiwezi. Sikio moja lilistaafu kabla yangu.

Kipimo cha mwezi huu: nilipaka chaki kwenye futi ya chuma kama ulivyonifundisha, nikaishusha kisimani, nikaivuta. Chaki imelowa kuanzia mita kumi na nne na nusu. Maji yamepanda kidogo. Chupa nimezijaza mpaka mdomoni, bila kiputo hata kimoja cha hewa. Nilikuwa dobi miaka thelathini, kwa hiyo usafi usinifundishe.

Mtaani habari ni moja tu. Mafundi wa ofisi yenu wamefunga pampu nyuma ya gereji. Mzee wa Gereji amekonda, na watoto wakipita wanamwita Mwaga Sumu. Tulizoea kucheza drafti kila jioni, sasa hata barazani hatoki.

Shangazi yako mzima. Bado nampelekea madumu mawili ya maji ya tangi la mvua kila asubuhi. Anasema namdekeza, na kisima chake kipo pale uani. Mwache aseme.

Baba yako


Tarehe 15 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na nakula: jana wali na maharage, leo maharage na wali. Goti usilibishie, lipeleke hospitali.

Chupa zimefika. Nimewaonyesha wenzangu wa maabara jinsi ulivyoandika lebo kwa mwandiko ule wa risiti za dukani, wakacheka, kisha wakasema wangependa wapimaji wote wawe kama wewe. Nilivimba kichwa, maana mimi ndiye niliyependekeza kisima chako kiwe cha kupimia.

Mwambie Mzee wa Gereji pole. Ile dawa tuliyoikuta kwenye maji ya chini ya mtaa inatumika kutoa grisi kwenye vyuma, na inatumika pia kusafishia suti bila maji. Kwa hiyo mwanzoni duka lako la zamani nalo lilikuwa kwenye orodha, hata kama umelifunga zamani. Lilitoka kwa sababu kisima chako kiko hatua chache tu kutoka hapo, na miaka miwili sasa maji yake ni safi. Kisima chake yeye ndicho kibaya.

Pampu zitawashwa tarehe mosi Aprili. Zitavuta yale maji, tuyapitishe kwenye mnara na kuyapuliza hewa mpaka dawa itoke, na hewa hiyo tuichuje kwa mkaa. Kwa miaka ishirini hivi tutakuwa tumesafisha. Nitakuwa nimezeeka, lakini maji yatakuwa mazuri.

Jambo moja dogo. Tumeletewa mashine mpya ya kupima chokaa, na chupa zako hazina chokaa kabisa. Nadhani nimekosea mimi. Naomba urudie, uchote kisimani moja kwa moja.

Mwanao


Tarehe 27 Februari

Binti yangu,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Nimerudia. Chupa hizo hapo. Mvua imenyesha sana mwaka huu, nadhani chokaa imepungua kwa sababu hiyo. Mashine mpya nazo hukosea. Mimi nilinunua mashine mpya ya pasi ikaniunguzia suruali ya bwana harusi siku ileile.

Sitaki kusema mengi. Leo sina raha.

Baba


Tarehe 8 Machi

Baba,

Shikamoo. Sitauliza afya kwanza, nisamehe.

Kisima chetu kinakula sabuni, povu halitoki. Nimekua nikilisikia neno hilo. Ulijenga matangi mawili ya mvua kwa sababu hiyo, ukatuambia shati jeupe likifuliwa kwa maji ya chokaa linakuwa rangi ya panya. Chokaa ile inatoka kwenye mwamba, na haiishi kwa mvua ya mwaka mmoja. Baba, mara zote mbili umenitumia maji ya tangi. Nadhani umenitumia maji ya tangi miaka miwili.

Halafu nikakumbuka madumu ya shangazi. Ana kisima chake uani, na wewe na goti lako unambebea maji ya mvua kila asubuhi. Hapo nikajua kwamba unajua.

Sikiliza kitakachotokea. Duka lako liko juu, gereji iko chini. Katikati ni nyumba ya shangazi na visima tisa vya majirani, vyenye dalili ndogo tu mpaka sasa. Sisi tulidhani dawa inatoka gereji, tukaweka pampu kule; kumbe labda kisima cha pale ni kibaya kwa sababu ni kirefu kuliko vyote, na dawa hii huzama. Kama inatoka kwako, pampu hiyo itaivuta ile kali yote kutoka chini ya duka, ipite chini ya visima vyote kumi. Na watu wanakunywa!

Niambie ukweli. Sijamwambia mkuu wangu bado, na kila nikimwona kwenye korido najifanya natafuta kitu mfukoni. Tuma chupa moja tu ya kisimani.

Mwanao


Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Kasha halijafika. Nimekwenda kituo cha basi mara nne. Kondakta ameniambia hajakuona.

Nimempigia simu shangazi. Anasema huumwi, umekaa ndani tu. Nashukuru huumwi. Nimekasirika pia, na sijui nianze na lipi. Usiku silali, mchana nasoma namba zilezile.

Jumatatu nitamwambia mkuu wangu kila kitu, hata kwamba nilikaa kimya siku hizi zote. Pengine watanifukuza, na watakuwa na haki. Siandiki kukutisha. Naandika kwa sababu sitaki uje kulisikia kwa mtu mwingine.

Bado nakupenda. Hilo halitegemei chupa.

Mwanao


Tarehe 23 Machi

Binti yangu,

Pokea salamu zangu. Afya ipo, ila mtu mwenyewe ndiye hayupo sawa.

Barua yako niliipata Jumamosi. Jana mafundi walikuwa na mkutano na wakazi kwenye ukumbi wa shule, kueleza habari za pampu. Nilichota ndoo moja kisimani, nikaibeba mpaka kule mbele. Hotuba nilikuwa nimeiandaa, ikaniruka yote. Nikamwomba mhandisi anuse. Alinusa, akanitazama, akauliza, "Mzee, haya umeyatoa wapi?" Nikasema, "Kwangu. Mimi ndiye."

Nikawaeleza. Ile dawa ikichakaa kwenye mashine nilikuwa naimwaga shimoni nyuma ya duka, kila wiki, miaka thelathini. Ukiimwaga juani inakauka kabla hujageuka, nikadhani na chini inakauka hivyohivyo. Siku mliponipa zile chupa za kwanza nilifunua kisima, na harufu ya duka langu ikanipiga usoni. Niliogopa. Watu wa mtaa huu waliniletea nguo zao za harusi na za msiba. Nilipenda wakiniamini, basi nikachota tangini. Mwezi uliofuata kusema kukawa kugumu zaidi.

Mzee wa Gereji aliinuka akatoka. Leo asubuhi nimekuta ubao wa drafti mlangoni kwangu, na kete zote zikiwa kwenye kimfuko chake. Ubao ni wangu, alikuwa nao tangu mwaka juzi.

Shangazi yako alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliuliza swali moja tu. "Yale madumu ulianza kuniletea lini?" Nikasema miaka miwili. Akageuka akawaonyesha waliokaa nyuma, wenye watoto mapajani, akasema, "Na hawa?"

Pampu hazitawashwa. Mhandisi anasema watachimba upya kwangu, hapo penye shimo. Visima kumi vimefungwa, na maji yanaletwa kwa lori. Asubuhi nilimpelekea shangazi madumu yake, akanirudishia yakiwa yamejaa. Nilimwona baadaye kwenye foleni ya lori, na ndoo yake kichwani, pamoja na wenzake.

Leo Jumatatu unamwambia mkuu wako. Sema yote. Usinifichie hata neno moja kwa sababu ni baba yako.

Chupa iliyomo humu ni ya kisimani. Nimeijaza mpaka mdomoni, haina kiputo. Fungua dirisha kabla hujaifungua. Harufu yake utaijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinikimbilia mlangoni nikirudi kazini, unaficha uso kwenye koti langu, unasema unanusa baba.

Baba yako