Shikamoo, Kiti

Jumanne, 5 Agosti 2025

Erica kaamua! Send-off yake ni tarehe 30, na mpambe ni mimi, dada mtu. Nimeruka kama mtoto. Halafu akanionyesha kwenye simu mtindo wa nywele aliotuchagulia – zote zimebanwa nyuma, paji la uso wazi kama uwanja wa mpira. Furaha ikanikauka.

Tangu kidato cha pili sijatoka bila kufunika hili komwe. Wigi lenye fringi mpaka kwenye nyusi, kanisani, ofisini Chamwino, hata nikiugua. Upepo wa Dodoma ndio adui yangu. Kwenye bodaboda nashika kichwa kwa mikono miwili, dereva anadhani nasali.

Leo nimelitazama kwenye kioo mpaka chai ikapoa. Erica anauliza, komwe gani, dada? Halioni. Ananipenda, basi hana macho.

Alhamisi, 14 Agosti

Kwa Stara, mwanasaikolojia wangu. Nilimwendea mara ya kwanza nikitaka anipe barua ya kwenda kupasuliwa paji lipungue! Hakunipa. Wala hajawahi kuniambia ni dogo – wote husema hivyo, na mimi siwaamini. Yeye anasema ugonjwa huu wa kujiona na kasoro hugandisha macho mahali pamoja, sisi tufuate uchungu ulioko chini yake.

Leo kaweka kiti kitupu mbele yangu. Tuseme nani amekaa pale? akaniuliza. Sikufikiri hata kidogo: shangazi Edina. Krismasi ile ya kidato cha pili, kwake Bahi, sebule imejaa watu, yeye na kilemba chake cha siku zote kanishika kidevu: “Paji hili tungeanikia mpunga!” Wakacheka wote. Nilicheka kuwashinda.

Mwambie alivyokuumiza, akasema Stara. Nikafungua mdomo – “Shikamoo, shangazi.”

Nikasubiri. Kweli, nilisubiri! Nitamwambiaje mkubwa neno zito na salamu haijaitikiwa? Nimekwama hivyo, Stara ananitazama, kiti kinanitazama. Mwishowe akasema basi hamia kule, uitikie. Nikahamia. “Marahaba, mwanangu,” kwa sauti ya shangazi kabisa, ya puani. Tulicheka mpaka Stara akavua miwani.

Niliporudi kwenye kiti changu kicheko kikageuka. Nikalia. Shangazi, niliona aibu, likizo zote ulinilea wewe, nilitaka unitetee. Halafu hasira – nzuri, ya moto! Nikapiga meza. Mimi! Nikaiomba meza radhi.

Nimerudi nyumbani mwepesi, nimekula ugali na mlenda sahani mbili.

Jumanne, 19 Agosti

Nimetoka kumwaga takataka BILA WIGI. Upepo ukanipiga pajini. Kabaridi katamu! Mzee Mrisho, jirani, akauliza tu kama kwangu maji yanatoka. Basi. Maji!

Jumatano, 27 Agosti

Nimerudi kwenye kioo. Asubuhi nzima. Kazini nimechelewa.

Stara kwenye simu: usigombane na macho, uulize moyo unaogopa nini. Nimeuliza. Siogopi picha. Naogopa shangazi atarudia ule utani ukumbini, na mimi nitacheka tena.

Anakuja kweli. Na gunia la mchele.

Jumamosi, 30 Agosti

Chumba cha nyuma cha ukumbi. Naandika kwa penseli ya nyusi, kalamu sijui iko wapi! Nywele zimebanwa. Paji wazi. Nimejitazama mara moja, nikafunika kioo kwa khanga. Erica alivyopendeza! Yuko nje anapigwa picha, upepo unamchezea shela, anacheka.

Shangazi aliingia. Kilemba chake kile kile, kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Hata shambani hakivui.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Ya puani! Nikatabasamu. Akanitazama pajini, akafungua mdomo – namjua, utani ulishafika kwenye ulimi. Nikamuwahi. Shangazi, ile ya kuanikia mpunga iliniuma. Mpaka leo inauma. Nakuomba usiirudie.

Sauti haikutetemeka! Na sikucheka.

Akaugusa ukingo wa kilemba chake. Nikaona nimeharibu sherehe. Ndipo akasema, taratibu, kwamba neno lile hakulitunga yeye. Aliambiwa yeye kwanza, na mama yake, mbele ya wageni, akiwa msichana.

Kisha akaufunga mlango kwa komeo, akakaa, akaivuta khanga kutoka kwenye kioo. Nimeshika penseli hii kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. MC anamwita mpambe. Nimemjibu kwa sauti kubwa asubiri! Vidole vya shangazi viko kwenye fundo la kilemba, analifungua.

Anasema niache kuandika, nimshikie pini.