Karatasi ya Babu, Jina la Mama

Tukuyu mjini, Jumamosi. Mvua haijakatika tangu alfajiri. Nimekuja kuandika hapa kwa sababu nyumbani Nkunga siwezi kuyasema haya.

Babu alipopooza upande mmoja, mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Akaweka dole gumba mbele ya wakili kwenye hati inayoniruhusu kumtolea pensheni yake benki, ile ya miaka yake kiwandani kabla serikali haijakiuza. Alisema amenichagua kwa sababu sina maneno mengi.

Nilijivunia. Sasa sijivunii.

Jana Baba Mdogo na Shangazi walikuja kutoka Kiwira, wakaitisha kikao sebuleni. Babu alikuwepo. Mama alibaki jikoni, maana yeye ni mkamwana, na kwa mila yetu Wanyakyusa mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Tangu Baba afariki, Mama ndiye anayempikia Babu, na hawajawahi kutazamana usoni.

“Haya, bwana fedha wetu,” Baba Mdogo akaniambia, “pensheni ya mzee inakwenda wapi?”

Nikasema, kwenye mahitaji.

“Mahitaji ya nani?” Shangazi akadakia, kwa sauti ya kufika jikoni. “Maana wifi yangu naona kanawiri kweli!”

Wakacheka. Mama hakuweza kuingia kujibu.

Ukweli ni kwamba Babu hawezi tena kuzuia haja ndogo. Mashuka nayafua mimi, lakini kwa mvua hizi hayakauki, kwa hiyo naagiza nepi za watu wazima Mbeya. Babu aliniapisha nisimwambie mtu, hasa wanawe. Risiti nikazichoma.

Ujinga wangu.

Pale kikaoni nilimtazama Babu, nikingoja aseme neno moja tu. Ulimi wake ni mzito, lakini anaongea. Aliangalia sakafu. Na mimi nikanyamaza.

Baba Mdogo akasema kimya changu ndilo jibu. Jumatatu Babu aifute hati, na Mama arudi kwao Kyimo.

Walipoondoka Mama alinipa sahani ya Babu nimpelekee, kama kila siku.

Leo nikirudi nitapiga magoti nimwombe Babu aniruhusu kusema. Akikataa, nitasema hivyo hivyo, mbele ya watoto wake wote.

Sidhani kama ataniita mjukuu tena.