Veste Yako Ilikuwa ku Bidoni

Papa yangu,

Inspecteur amepona. Ninaanza na ile juu ninakujua: kama ungekuwa bado hapa, swali yako ya kwanza ingekuwa ile. Haungeuliza Mama ameamukaje, haungeuliza kama tumekula. Ungesema, "Masika, na samaki?" Basi eko muzima. Anazunguka mu beseni, mapezi yamefunguka, hata doa moja nyeupe haiko tena ku mwili yake. Ni juma ya sita tangu tukuzike ku Musienene, na yeye anakula, anapiga mukia. Ninamuangalia na roho inaniuma.

Tuko bado Butembo, mu Kimemi, kwa shangazi, mu kile chumba ya nyuma. Barabara ya Beni haijafunguka. Batu benye bametoka kule banasema basoda bamefanya ekole yako kuwa kambi. Mu darasa mwenye ulikuwaka unafundisha biolojia ndiyo banapikia, na mabanki ya kukalia banafunzi ndiyo kuni yao. Sanduku yako ya vioo, ile ya samaki yenye tuliacha Beni, sijui iko wapi. Sikuuliza. Niliogopa bataniambia.

Unakumbuka siku ya yenga, nyuma ya misa? Ulikuwaka unaniweka ku kiti kidogo mbele ya ile sanduku, dakika kumi, kinywa kufunga. "Angalia kwanza, dawa baadaye." Mimi mutoto, ninataka kucheza, na wewe na saa yako ya mukono. Kisha unaniuliza. Ule anajisugua ku mawe na amefunga mapezi, eko na nini? Madoa meupe yanakuja, Papa, kama chembe ya chumvi. Na ule mwenye mapezi yanakatika-katika? Maji ni michafu. Mwenye tumbo imevimba? Asikule siku mbili, kisha apewe punje moja ya pwa, njegere, ya kupika, bila ganda. Na mwenye anapanda juu ya maji, kinywa wazi? Hapo nilikuwaka ninasema eko na njaa, na wewe unapiga meza: "Hapana! Anakosa hewa! Ukimupa chakula unamuua!" Majirani balikuwa banatucheka, ati mwalimu anapikia samaki pwa. Mama pia alicheka. Sasa Mama hacheki.

Ile siku ya kukimbia Beni, kila mutu alibeba kitu ya akili. Mama sufuria na blanketi, mimi mufuko ya manguo. Wewe ukakata bidoni ya maji juu, ukaingiza samaki ine. Mama akalia karibu kuanguka: "Ni mutu gani anakimbia vita na samaki?" Ukamujibu polepole, "Banakulaka ku mukono yangu. Nitabaachaje?" Tukatoka na risasi inalia nyuma yetu.

Siku ya pili mvua ikatukamata, na tulikuwa tunapanda mulima, na ile baridi ya Butembo unaijua. Ukatoa veste yako, ile koti ya rangi ya kahawa, ya misa, ukafunika bidoni. "Baridi ya gafula ndiyo inabaletea madoa," ulisema. Ukatembea na shemizi peke yake, imeshikamana na mugongo. Nilikuwa nyuma yako, Papa. Niliona mifupa yako ya mabega kupitia ile kitambaa. Nilijiambia, Papa anajua.

Tulifika na samaki mbili bamekwisha kufa. Wa tatu akafa kesho yake. Akabakia Inspecteur, ule ulimupatia hilo jina juu anapitaka mbele ya kioo kichwa juu kama anakuja kukagua balimu. Akaanza kujisugua. Nyuma ya siku mbili madoa yakatoka, mu mukia kwanza, kisha ku mwili yote.

Na wewe ukaanza kukohoa.

"Ni mafua tu," ulisema, umekaa ku matela ya kulalia, mugongo ku ukuta. "Enda uangalie samaki." Kila asubui nihesabu madoa nikuletee hesabu. Nipashe maji ku babula ya makala, polepole, mukono isisikie baridi wala moto. Kijiko kidogo ya chumvi kwa litre tano. Nitoe sehemu moja ya tatu, nirudishe maji ya mvua yenye imelala. Na chumvi yenyewe ilikuwa imekosekana mu soko! Tulikula majani ya sombe bila chumvi juu ya ule samaki, na shangazi ananuna. Mais, hata vile, nilifanya yote. Nilikuwa ninakuja kukuambia: leo makumi tatu na mbili, leo makumi tatu, leo kumi na tisa. Ulikuwa unaniuliza kwa neno moja-moja. "Mukia?" "Mapezi?" Nilizani umerudia ukali yako ya darasa. Kumbe ulikosa pumzi ya kumaliza sentensi.

Kinywa ilikuwa wazi, Papa. Mabega yanapanda, yanashuka. Ile alama ulinifundisha wewe mwenyewe, na meza ukaipiga. Nikaiona ku samaki miaka yote, na ku baba yangu sikuiona.

Ku kilio batu balijaa. Kila mutu mwenye aliingia kusalimia Mama alisikia ati samaki ya mwalimu, ule alimubeba kutoka Beni, eko mu chumba ya nyuma. Basi bakaenda kumuona, balie kidogo, na bamutupie bugali. Unajua batu yetu: hakuna mwenye ataingia mu kilio na aache yatima bila kula, hata kama ule yatima ni samaki. Siku ya tatu beseni ilikuwa uji. Nilipita nikamuona juu ya maji, kinywa wazi. Nikaruka katikati ya bamama, nikachukua ndoo, nikaanza kumwaga. Shangazi akanishika: "Baba yako amelala ku kaburi jana, na weye unaosha samaki?" Nikabapigia kelele bote, "Mutoke! Munamuua! Hamuone anakosa hewa?" Bazee bakasema huzuni imenipanda mu kichwa. Sijui nilikuwa nalilia nani.

Kisha kilio ikaisha, na nikanyanyua matela yako niianike ku jua. Chini yake kulikuwa bipande bine ya shemizi ya zamani, imekunjwa muzuri vile ulikuwaka unakunja kila kitu. Nikafungua moja. Damu.

Mama alikuwa mu mulango. Akasema, "Alinikataza kukuambia. Alisema, Masika akijua, atakimbia kuita muganga." Na ku poste de santé basoda balikuwa bamekaa ku mulango, na kila mwanaume mwenye ametoka Beni balikuwa banamuita mupelelezi. Bawili baliingia kutafuta dawa, habakurudia. Nilijua ile habari. Kila mutu mu Kimemi aliijua. Mais mimi ningeenda tu, Papa, ulisema kweli, na basoda bangenifuata mupaka kwako.

Donc, basi, ukanipatia samaki ya kuangalia, ili macho yangu isikae kwako. Weye! Weye mwenye ulinikalisha ku kile kiti! Niko na hasira, ninakuambia wazi. Ninakulilia na ninakukasirikia siku moja, saa moja, na sijui mutu anawezaka namna gani kubeba bile bibili.

Veste yako imekauka. Bado inanuka maji ya samaki. Shangazi anataka kuipatia mutu, nimekataa. Asubui kukiwa baridi ninafunika nayo beseni. Kisha ninakasirika, ninaiondoa. Kisha ninairudisha.

Sikiliza sasa, juu ninataka kufunga hii barua. Inspecteur nitamulisha, kidogo, mara moja ku siku. Maji nitabadilisha. Atakufa na uzee, ile ninakuahidi. Mais kumupenda, usiniombe.

Na kitu ingine. Leo asubui Mama amekohoa. Nikasimama. Akageuza uso ku ukuta, akaniambia, "Ni mafua tu. Enda uangalie samaki."

Sikuenda, Papa. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, kinywa kufunga, ninaangalia pumzi yake. Akakasirika, akanifukuza, kisha akalia. Sikutoka. Niko naandikia hapa, ku magoti yangu, na ninamuangalia. Sitatoka.

Wasingya, asante, Tata yangu. Lala.

Masika yako