Kimya Katika Filamu ya Nane

6 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima. Kidoti ameota jino la sita, anauma kila kitu, hata sabuni.

Najua tangu tumzike mwanao hutaki habari zangu. Yale uliyoniambia mbele ya watu, "Unaishi naye nyumba moja, kifua chake hukukisikia?", bado yananiamsha.  Leo ninalo jibu.

Unazikumbuka zile filamu za jasusi alizokuwa akizitia sauti ya Kiswahili na kuuza? Saba za kwanza watu walizigombania. Ya nane ilikuwa hovyo. Jasusi kazeeka, anapigana kama anafukuza kuku, na adui mwenyewe anakufa kwa kuteleza. Juu ya hayo, mwanao kanyamaza vipande vizima. Wateja wakairudisha. "Mdomo kasinzia kazini," wakasema, maana ndivyo walivyomwita.

Wiki hii nimeirudia ili Kidoti amsikie baba yake. Akiisikia ile sauti haangalii televisheni, anaangalia mlango. Mara ya tatu ndipo nikagundua: kabla ya kila kimya sauti inakwaruza. Mahali pamoja alichelewa kuzima maikrofoni. Kikohozi kinaanza, halafu tk, kinakatika. Filamu inakwenda peke yake. Akirudi anamtania jasusi: "Mzee, funga mlango, mbu wanaingia."

Alikuwa akikoholea ndani ya chumba chake cha kurekodia, Mama, kaegemeza godoro mlangoni kuzuia kelele, nami upande wa pili na mimba ya miezi minane, sisikii kitu. Hata kulala alihamia humo. Alisema tumbo langu linahitaji kitanda kizima. Nilidhani ananidekeza.

Sikujua. Diski hiyo hapo, sikiliza mwenyewe.

Mkweo

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Dereva wa basi niliyempa diski anasema alikukabidhi mkononi. Kama nimekuumiza kwa kukusikilizisha sauti yake, nisamehe. Kidoti anatembea, hatua nne kisha chini. Tulipimwa kifua kikuu wote wawili, tuko salama. Nilidhani ungependa kujua.

Mkweo

29 Mei

Mama Kidoti,

Nakusalimu wewe na mtoto. Mimi nipo, goti ni lilelile.

Niliitazama kwa jirani. Akaniuliza, "Unaliaje kwa filamu mbovu hivi?" Nikamwambia ni moshi. Mwenyewe anapikia gesi.

Mwanangu, mimi nilijua. Aliniandikia mapema kwamba anakohoa na jasho linalowesha godoro. Nikamjibu: "Usimtie mtoto wa watu hofu, ana mimba. Akishajifungua, nenda hospitali." Akanitii. Alivyokuwa mkaidi utotoni, siku hiyo akanitii.

Kwenye maziko niliogopa mtu asije akaniuliza mimi, nikawahi kukuuliza wewe.

Ningependa kumwona Kidoti. Ukikataa, sitakulaumu.

Mama mkwe wako

4 Juni

Mama,

Shikamoo. Ya goti nitayauliza ukifika.

Barua yako niliisoma, nikaifunika kwa sahani, nikafua nguo zote, hata zilizo safi. Hasira ninayo. Kidoti alipotimiza siku tatu, baba yake akaenda hospitali, nikashangaa kwa nini siku hiyo. Kumbe alikuwa akinisubiri mimi nizae. Na mimi nje namlalamikia kwamba siku hizi haongei.

Sitakwambia yamekwisha, maana hayajaisha. Lakini tumefichana vya kutosha. Wewe ulitaka nisiogope, naye alitaka nisiogope, na sasa niko hapa naogopa hata nyumba ikinyamaza. Njoo hivyohivyo. Siku nikikukasirikia nitakwambia usoni, nawe usifungashe mizigo.

Kidoti anasema maji, anasema paka, anasema hapana. Neno bibi hajalijua. Hana wa kumwita hivyo.

Mwanao