Chembe za Masizi Nilizodhani ni za Urvashi

Satellite, Nairobi
Jumapili

Kwa dada yangu Veronicah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Satellite. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na watoto hawajambo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unanisumbua.

Uliniuliza habari ya ile nafasi moja ya kwenda kusoma Ujerumani. Kazi yetu maabarani, hapa mjini, ni kupima masizi. Tunawasha moto wa gesi, tunapitisha ndani yake kiwavu cha shaba, yaani wavu mdogo kama dengu, kufumba na kufumbua, kisha tunatazama kwa hadubini ya elektroni chembe zilizonasa. Ukiigawa milimita moja vipande milioni, chembe moja haizidi vipande ishirini! Mkono ukichelewa motoni, zinarundikana na kiwavu kimeharibika. Dakta Nzioka, msimamizi wetu, alisema mwenye kiwavu safi zaidi ndiye atakayekwenda.

Tulibaki wawili, mimi na Urvashi wa Lavington. Dada, msichana huyo ananichoma. Analetwa kwa gari mpaka mlangoni, mimi nafika na vumbi la Dagoretti Corner kwenye viatu. Anasifiwa hata akipangusa meza. Halafu ana roho nzuri! Kila mchana ananigawia chapati laini za mama yake, nami nazila zote huku nimenuna. Angekuwa na dharau ningemchukia kwa raha zangu.

Sasa, kwetu hakuna anayepima akijua kazi ni ya nani. Dakta huficha majina, kisha hutugawia viwavu kwa namba. Juzi nilipewa kimoja ambacho chembe zake zilikaa mojamoja, zimetawanyika vizuri kabisa. Nikasema huyu ni Urvashi, nani mwingine? Wivu ukanipanda. Nikaziruka zile nzuri, nikatafuta pembeni zilizoshikana, nikapima kila fundo kana kwamba ni chembe moja. Kwenye mkutano nikatangaza kwamba aliyefanya kazi hii hana mkono mwepesi.

Dakta akasoma jina. Lilikuwa langu.

Niliona kazi nzuri kwa macho yangu, dada, na haikunijia hata kidogo kwamba inaweza kuwa yangu. Kabla sijapata pa kuangalia, Urvashi akasimama kunitetea. “Aki Daktari, Milcah hawezi kosea hivi. Wacha niipime tena.”

Hapo nikabanwa. Akipima, uongo wangu utajulikana. Asipopima, nafasi imekwenda, tena kwake. Jana nilimkuta peke yake nikamweleza yote, hata kwamba nilidhani ninamharibia yeye. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: kama kweli lingetoka jina lake, je, ningekuja kumwambia? Akasema Jumatatu atapima vilevile, na atakachokiona ndicho atakachokisema, hata kikinisaidia mimi na kumkosesha yeye nafasi. Nami nikamwonea wivu hata kwa hilo.

Tafadhali mwambie mama asiwatangazie watu wa kanisani habari za Ujerumani. Msalimie sana shemeji Jackton, na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Ukiniandikia nigombeze, lakini uniandikie.

Ni mimi mdogo wako,
Milcah