Mjane wa Kitabuni na Fundi Friji wa Shangazi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudishiwa insha. Nyekundu tupu, utadhani kuku kachinjiwa juu yake. Mwalimu wa Fasihi ya Kiingereza kaandika chini: "Muktadha wa kihistoria uko wapi?" Kumbe nilikuwa nimeuliza kwa nini mjane wa kwenye riwaya asimpigie tu simu mwenye kiwanda anayemchumbia wakaelewana. Simu! Enzi za magari ya farasi! Darasa zima la jioni limecheka, na aliyecheka kuliko wote ni shangazi yangu wa damu, anayekaa dawati la mbele yangu.

Mimi narudia mtihani. Yeye, na saluni yake inavyojaa watu, kaamua uzeeni kufanya mtihani alioukosa alipoacha shule. Akisikia nimesema uzeeni ataninyoa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu anasema muktadha haumezwi kama kidonge, lazima uishi ndani ya zama zenyewe. Haya. Tunasomea saluni, kati ya kichwa na kichwa. Leo maombolezo. Mjane wetu anavaa nyeusi miaka na miaka, haendi kwenye dansi, kofia ya ujane haitoki kichwani. Shangazi anataka kujua nywele za chini ya ile kofia zilisukwa au ziliachwa tu. Kitabu hakisemi. Kamkasirikia mwandishi kwa uzembe.

Wateja nao wamo. Mmoja, dawa kichwani, kasema huyo mwenye kiwanda ana macho ya tamaa. Nikamwambia katika sura hii hayumo kabisa. Akasema hata hivyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Fundi Friji kaja. Ndiyo, tena. Friji yetu ya saluni nzima kabisa, ila yeye huja kuisikiliza. Mpole, kipara kinang'aa, anampenda Shangazi na mtaa mzima unajua.

Nikapata wazo. Enzi zile mgeni wa heshima alikaa robo saa tu, kofia mkononi, mkazungumzia hali ya hewa. Tukamfanyia hivyo. Kakaa ukingoni mwa kiti, helmeti ya pikipiki magotini. Shangazi kasema leo kuna upepo. Fundi kakubali kuna upepo. Mimi ndiye mwangalizi, maana enzi zile wawili hawakuachwa peke yao, nimekaa katikati yao na mkono shavuni.

Muda ulipokwisha nikamwonyesha mlango. Kaondoka bila kusema alichokuja kusema. Na alikuwa nacho, maana shati lilipigwa pasi. Najisikia vibaya kidogo.

Ila muktadha nimeuelewa!

Jumanne, 14 Oktoba

Balaa. Tumefika kwenye sheria. Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa, mali yake inakuwa ya mume. Fedha, bidhaa, hata mshahara wa jasho lake. Ndiyo maana mjane anasitasita — ana duka la vitambaa, na siku atakayosema "ndiyo" mbele ya padri, duka limekwenda.

Shangazi kaacha kichwa cha mtu nusu kimesukwa. "Hata duka?"

Hata duka.

Kaangalia vioo vyake. Kaangalia viti vyake. Kafunga kitabu kwa kishindo, mteja karuka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Fundi kaja na shati lilelile. Kaposa! Hapo hapo, mbele ya wateja. Wateja wakapiga vigelegele. Shangazi kanyoosha kitana.

"Ukinioa, hii saluni ya nani?"

"Si ya kwako?"

"Sheria inasemaje?"

"Sheria ipi?"

"Ya Uingereza!"

Maskini wa watu. Kashika kipara chake kwa mikono miwili. "Mama, mimi saluni nitaifanyia nini?"

Watu walicheka mpaka machozi. Shangazi hakucheka. Kasema hata wanaume wa kwenye riwaya walianza na utani hivyohivyo. Nikajaribu kumwambia sheria ile ilibadilishwa zamani, tena sisi hatuko huko. Kaniambia nisimfundishe muktadha, simu yangu ya mjane bado anaikumbuka.

Fundi aliomba kitu kimoja tu, aazime hicho kitabu. Nikampa changu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Matokeo ya mtihani wa majaribio. Yangu: tarehe, sheria, mashine za mvuke, mjane hayumo hata kwa bahati mbaya. Mwalimu kasema nimeandika historia bila riwaya. Ya Shangazi: kaanza vizuri, ukurasa wa pili mwenye kiwanda kapanda pikipiki. Mwalimu kauliza kwa upole, huyu mwenye kipara ni nani.

"Mfano tu," kasema Shangazi.

Tumefika saluni ndipo kaniuliza, hivi friji haijaanza kutoa mlio? Nikasikiliza. Inaunguruma kama siku zote. Fundi hajakanyaga tangu Alhamisi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mtihani! Swali: eleza jinsi hali ya zama ilivyochangia uamuzi wa mjane mwishoni mwa riwaya. Nusura nipige kelele. Nimeandika mpaka mkono umekufa ganzi, sheria na mjane pamoja, bega kwa bega.

Tumetoka, Shangazi anatabasamu. Kaandika mjane alimkataa, kabaki na duka lake, hongera kwake.

Alimkataa?!

Ndipo ikatoka. Sura ya mwisho hajaisoma. Aliishia pale mwenye kiwanda anapopiga goti. Hakutaka kuona mwanamke mwenzake ananyang'anywa. Kaingia mtihanini hivyohivyo, na hereni kavaa!

Hatujafika mbali — Fundi Friji huyu hapa getini, kitabu changu kwapani, kimejaa grisi. Kakonda. Salamu hakuna. "Nimekimaliza. Na kamusi. Ule mwisho umeuonaje?"

Shangazi kajikohoza. Fundi kaelewa. Kakataa kumsimulia. Kasema tu yeye yuko tayari kufanya vilevile, hata leo.

Mimi mwisho naujua. Mjane anakubali, ila kwanza wanapita kwa wakili, duka linawekwa mikononi mwa wadhamini, mume asiliguse — na anayependekeza ni mwenye kiwanda mwenyewe. Nimeng'ata ulimi.

Sasa tuko saluni. Mteja anagonga, hakuna anayefungua. Mimi naandika nyuma ya pazia la kuoshea nywele. Shangazi anasoma kwa kidole. Fundi kafungua friji, kaifunga, kaifungua. Shangazi kafika kwa wakili, najua, maana kasema "Ala!" peke yake. Karudia ukurasa uleule. Sasa kauvuta mkoba wake kutoka kiti cha pembeni yake, kauweka chini, macho bado kitabuni. Fundi anakitazama kile kiti. Ananitazama mimi. Nampa ishara kwa kichwa — kaa, baba, kaa —